Vimsalaba Elfu Tisa na Ushei

Jumapili, 1 Juni

Habari njema imefika nyumbani, na mimi nimejifungia chooni nusu saa nzima.

Habari yenyewe: hospitali imempangia Shangazi upasuaji wa jicho la kulia. Jumatatu, tarehe 16. Mtoto wa jicho anatolewa, kesho yake bandeji inafunguliwa, Shangazi anaona. Mama aliruka. Baba alipiga makofi. Binamu yangu Kengele, binti wa Shangazi, ambaye sauti yake ndiyo iliyompa jina, aliwatangazia majirani wa pande zote mbili bila kuinuka kitini. Shangazi mwenyewe alilia kidogo, akapangusa macho, akasema kitu cha kwanza anachotaka kuona ni vitambaa vyake.

Hapo ndipo nilipokwenda chooni.

Niandike ukweli hapa, maana sina pengine pa kuusema. Shangazi alikuwa mpiga chapa ofisini miaka thelathini. Alipostaafu akaingia kwenye kudarizi. Una kitambaa cha vijitundu, una mchoro wa visanduku, unahesabu, unachoma sindano, kimsalaba baada ya kimsalaba, mpaka picha itokee. Ana mikono ya dhahabu na kasoro moja tu: hajawahi kumaliza kitambaa hata kimoja. Akifika katikati huona mchoro mwingine mzuri zaidi. Anavyo vitano ndani ya foronya. Jogoo asiye na miguu. Nyumba isiyo na paa. Bakuli la matunda lisilo na matunda. Herufi kuanzia A mpaka M. Na tausi mkubwa mwenye kichwa, shingo na basi.

Macho yake yalipoziba, yeye na Kengele wakahamia kwetu. Siku moja akasema hajutii lolote maishani isipokuwa ile foronya. Nikasema nitavimalizia mimi. Nilimaanisha! Naapa nilimaanisha.

Nilidarizi siku nne. Siku ya tano niliweka riwaya juu ya kitambaa, kidogo tu, nipumzishe kidole. Tangu siku hiyo, miezi minane, kila alasiri niliketi kando yake na lile duara la mbao la kubania kitambaa mapajani, nikisoma. Yeye akiuliza nimefika wapi, namwambia. Mkia wa jogoo. Bomba la moshi. Herufi S. Wiki tatu zilizopita nilimaliza tausi. Kwa mdomo. Nikasema nimevifungia vyote kwenye boksi visipigwe vumbi.

Alinibusu mikono. Yote miwili. Kisha akamgeukia Kengele, akamwambia, ona mwenzako.

Jumatatu, 2 Juni

Nimeamka na moyo wa chuma. Siku kumi na nne ni nyingi. Watu wamejenga madaraja.

Nimehesabu visanduku vyote vilivyobaki kwenye michoro mitano. Vimsalaba 9,312. Ukigawa kwa siku, 665 na ushei. Nikidarizi saa nne baada ya shule, vitatu kwa dakika, nitabakiwa na muda wa kunywa chai. Nimeandika ratiba kwa rangi mbili. Ilipendeza sana. Kuiandika kumechukua saa moja na nusu.

Kisha nikajipima kwa saa ya mkononi. Dakika kumi: vimsalaba vinne. Kimoja kati ya hivyo kilikuwa kimeshona kitambaa na suruali yangu.

Nimepiga hesabu upya. Kwa kasi hiyo nahitaji saa 388. Siku kumi na nne zina saa 336, hata nikiacha shule, kula na kulala.

Nimeichana ratiba.

Jumanne, 3 Juni

Ugunduzi! Uzi wa kudarizi una nyuzi sita ndani yake. Unatakiwa kuzitenganisha na kutumia mbili tu. Mwenye haraka anaweza kutumia zote sita, tena akapiga kimsalaba kimoja kikubwa mahali pa vinne. Kazi inakwenda mara nne! Sijui kwa nini wataalamu hawajaliona hili.

Jioni nimeelewa kwa nini. Jogoo sasa ana miguu, lakini ni miguu ya mtu aliyeumwa na nyuki. Kifua chake ni laini kama karatasi, na chini yake vimesimama vigogo viwili vya manjano. Ukimweka mezani analala kifudifudi.

Shangazi alinisikia nikihangaika, akauliza ninafanya nini na mkasi. Nikasema napunguza ncha za nyuzi. Akaomba amshike jogoo, mara moja tu, hata kama haoni. Nikampa nimekikunja kitambaa kwa ndani, kifua tu ndicho kimejitokeza, yaani kazi yake mwenyewe. Alipitisha kidole taratibu, kimsalaba kwa kimsalaba, kama anayesoma. Akasema ajabu ni kwamba hawezi kujua mkono wake unaishia wapi na wangu unaanzia wapi.

Nilitaka ardhi inimeze. Mkono wangu ulikuwa hauanzii popote.

Jumatano, 4 Juni

Nimekwenda kwa fundi cherehani wa kona na bakuli la matunda chini ya sweta. Nilisimama nje mpaka wateja watatu wakatoka. Wakaingia wengine wawili. Nikasubiri. Wakatoka. Nikaingia nikanong'ona. Fundi ana sikio moja zima na mashine inayonguruma. Akajibu kwa sauti ya kuita mifugo: kijana mzima wewe unataka nikudarizie MATUNDA?

Nje walikuwa wanapita wasichana wanne wa darasani kwetu. Wanne. Mmoja ni yule ninayekaa nyuma yake na ambaye sijawahi kumsemesha. Sasa nadhani sitamsemesha kamwe.

Fundi alisema cherehani yake haijui misalaba ila inajua kwenda kama nyoka. Nikasema nyoka anatosha. Kwa malipo nitamwandikia bango jipya la duka, maana la sasa linawaambia wateja wasiegemee ukuta na halisemi anashona nini. Baada ya robo saa alinirudishia bakuli. Ndani yake mna tunda moja, refu, la kijani, limejikunja mara tano. Nilimuuliza ni tunda gani. Akasema mimi ndiye msomi.

Nyumbani nimelipiga paa la nyumba kwa nyuzi sita. Limekwisha! Ila nilianza kuhesabu visanduku kutoka ukingo usio wake. Nyumba iko hapa, paa liko kwa jirani.

Alhamisi, 5 Juni

Sitaki kuandika ya leo. Nitaandika haraka haraka.

Simu ya Mama ililia sebuleni wakati Mama ananing'iniza nguo nje. Nikaipokea. Muuguzi wa hospitali ya macho. Sauti nzuri, ya mtu anayetabasamu. Kuna mgonjwa amejitoa, nafasi imepatikana keshokutwa, Jumamosi. Je, Shangazi anaweza kuja, badala ya kusubiri mpaka tarehe 16?

Mbele yangu, mezani, alikuwa tausi. Kichwa, shingo na basi.

Mdomo wangu ukasema: amesafiri.

Muuguzi akauliza anarudi lini. Nikasema hatujui. Akasema basi, nafasi atapewa mwingine, akaniomba nimfikishie salamu na nimtakie safari njema. Nikasema ahsante, zitafika.

Wakati huo huo Shangazi alikuwa ukumbini, hatua kumi kutoka kwangu, akilisalimu koti la Baba lililotundikwa mlangoni. Alikuwa analiambia pole ya kazi. Alipoona halijibu, akaja kuniuliza kama Baba amekasirika.

Nilimwambia Baba amechoka tu.

Ijumaa, 6 Juni

Nimeamka mnyonge. Shuleni mwalimu wa jiografia aliniuliza mto unaanzia wapi, nikasema samahani. Darasa zima lilicheka. Mwalimu akasema kuomba radhi hakumo kwenye silabasi.

Basi nikajiambia hivi: kosa limeshatendeka. La kufanya sasa ni kuzitumia vizuri siku zilizobaki, ili angalau kosa lenyewe lisiwe la bure. (Nilipoifikiria chooni ilikuwa hoja nzito. Kwenye karatasi inanuka.)

Na ufumbuzi ukaja! Kalamu za wino wa rangi. Vijitundu vya kitambaa vimeshapangwa kama daftari la hesabu. Kimsalaba ni nini? Ni mistari miwili. Nina kalamu kumi na mbili za kuchorea ramani. Kwa alasiri moja nimechora vimsalaba elfu nne na kitu kwenye mkia wa tausi: bluu, kijani, zambarau, na doa la dhahabu katikati ya kila unyoya. Kisha nikamalizia N mpaka Z kwa wino mwekundu. Ukisimama hatua tatu nyuma, huamini. Nilisimama hatua tatu nyuma mara nyingi. Nilijipongeza.

Ukikaribia hatua moja, unaamini.

Nimeamua kwamba jicho lililotoka kupasuliwa halisogei karibu na vitu.

Jumamosi, 7 Juni

Leo ndiyo siku ambayo Shangazi angepasuliwa.

Saa nne asubuhi alikuwa anajimiminia chai. Huwa anamimina kwa kusikiliza: sauti ikipanda, kikombe kimejaa. Mimi nilikuwa meza hiyo hiyo, nasoma. Kikombe kilikuwa kimesogea kidogo. Nadhani ni kitabu changu kilichokisogeza. Maji yalimwagikia mkono wake wa kushoto.

Hakupiga kelele. Alisema tu "aa", kama mtu aliyekumbuka jambo dogo.

Kengele ndiye aliyepiga kelele, kwa niaba ya mtaa mzima. Mama alileta maji baridi, kisha dawa, kisha kitambaa safi. Malengelenge mawili kwenye vidole. Vidole vile vile vilivyompapasa jogoo. Shangazi akawa anawatuliza wao: msihangaike, nimezoea, bado siku tisa tu na adha hii inakwisha. Kengele akasema laiti hospitali ingepiga simu ikawaita mapema. Mama akasema laiti.

Hakuna aliyenitazama. Nilitamani sana mtu anitazame.

Jumapili, 8 Juni

Sikudarizi. Sikuchora. Sikusoma. Nilimpelekea Shangazi chai mara saba mpaka akauliza kama nimekosea kitu au naumwa.

Mchana niliandika maneno ya kumwambia muuguzi. Nina haya mno, siwezi kupiga simu bila karatasi. Rasimu ya kwanza ilikuwa ukurasa mzima na ilianza na utoto wangu. Rasimu ya tano ina maneno matatu: Shangazi yangu amerudi.

Jumatatu, 9 Juni

Nimepiga! Nilijificha nyuma ya kabati la nguo na simu ya Mama na rasimu ya tano.

Muuguzi alinikumbuka. Akafurahi! Akauliza safari ilikuwaje. Hilo halikuwemo kwenye rasimu. Nikasema nzuri. Akauliza alikwenda wapi. Nikasema mbali. Akasema ana bahati, kuna nafasi keshokutwa, Jumatano saa mbili asubuhi, aje bila kula kitu.

Nikatoka nyuma ya kabati nikawaambia hospitali imepiga simu. Nyumba ililipuka. Mama akasema nina mdomo wa heri. Kengele, ambaye tangu wahamie hajawahi kunigusa ila kwa kunisukuma, alinikumbatia mpaka miwani yangu ikapinda. Shangazi alinyoosha mkono wenye bandeji, akanitafuta hewani, akanipapasa kichwa.

Nimejivika kitanzi kwa mikono yangu miwili, na wote wamenishukuru kwa kamba.

Jumanne, 10 Juni

Nilidhani ya Alhamisi ndiyo mabaya kuliko yote. Kumbe nilikuwa bado naanza.

Nimerudi shule nikakuta nyumba kimya. Kengele alikuwa ameketi kwenye ngazi ya uani, mbele ya beseni, analia bila sauti. Sikujua kwamba anaweza.

Alikuwa ametaka kumshangaza mama yake. Akatafuta lile boksi, akavitoa vitambaa. Shangazi amewahi kumweleza kwamba kazi ikikwisha hufuliwa, ili mafuta ya mikono yatoke, ndipo inyooshwe na kutundikwa. Basi Kengele akavifua vyote vitano, kwa sabuni ya unga, kwa upole wote alionao. Alipomtumbukiza tausi, maji yakageuka zambarau. Alipomtoa, hakukuwa na tausi. Palikuwa na kichwa, shingo, na mvua kubwa inakuja.

Herufi kuanzia N mpaka Z zimeondoka zikaacha kitambaa kizima na haya usoni, chekundu.

Ameyasema yote hayo kwa kunong'ona. Kwamba ameharibu. Kwamba kila siku mama yake humwambia hana mikono, sasa ndiyo ameonyesha. Kwamba mama yake ataamka aone, na kitu cha kwanza atakachokiona ni alichoharibu yeye. Kwamba miezi minane ya kazi yangu ameimwaga kwenye beseni kwa dakika tano. Akaniomba msamaha. Kengele! Akaninyooshea mikono iliyolowa wino wangu, akaniomba msamaha.

Nami nikasema:

Haidhuru. Nimekusamehe.

Jumatano, 11 Juni

Upasuaji umekwenda vizuri. Dakika ishirini na tano. Daktari alisema jicho lilikuwa limeiva vizuri. Sikula kutwa nzima, nikasema ni kwa ajili ya kumuunga mkono mgonjwa. Mama akasema mtoto huyu ana moyo.

Kengele amevinyoosha vitambaa na kuvitundika ukutani sebuleni, vyote vitano, kwa vibanio vya nguo. Nilimuuliza kwa nini asivifiche. Akasema hatamficha mama yake kitu, heri amfokee akiwa ameshajua.

Nilirudi chooni kwangu.

Alhamisi, 12 Juni

Tulikwenda hospitali watatu: Mama, mimi na Shangazi. Muuguzi yule yule. Ana tabasamu kweli. Alifungua bandeji pole pole, akapangusa, akasema fungua jicho mama, usiogope.

Mimi ndiye niliyekuwa nimesimama mbele.

Shangazi alinitazama. Miezi minane hakunitazama. Akasema, "Heee! Una ndevu! Tatu!" Akacheka mpaka muuguzi akamsihi asicheke sana, jicho bado bichi. Alikuwa analia na kucheka na kunishika kidevu. Sikujua niuweke wapi uso wangu. Ulikuwa ndio kwanza umeonekana.

Kisha muuguzi, akikunja bandeji, akamuuliza: na safari ilikuwaje, mama?

Shangazi akasema safari gani. Muuguzi akasema ile ya wiki iliyopita, tulipokupigia uje Jumamosi, kijana wako akatuambia umesafiri.

Mama alikuwa dirishani akizungumza kwenye simu, hakusikia. Shangazi alinigeukia. Jicho moja, jipya kabisa. Alinisoma kama alivyomsoma jogoo, kimsalaba kwa kimsalaba. Kisha akautazama mkono wake ulioungua. Kisha akamgeukia muuguzi, akasema kwa sauti yake ya ofisini:

"Ilikuwa salama, mwanangu. Ila sikuona chochote njiani."

 Njia nzima alikuwa anatazama mabango ya maduka na kuyasoma moja moja kwa sauti. Yote isipokuwa mimi.

Nyumbani Kengele alikuwa amesimama mbele ya ukuta, mikono nyuma, kama askari aliyepoteza bunduki. Shangazi alimbusu kwanza. Akamtazama sana. Ndipo akatazama ukuta. Jogoo na miguu yake. Nyumba na paa la jirani. Lile tunda. Herufi zilizoona haya. Mvua kubwa.

Kengele akaanza: mama, ni mimi, nimemfua tausi, rangi imetoka, usimlaumu mwenzangu, yeye alifanya kazi nzuri.

Shangazi akavuta pumzi ya kusema. Najua alichokuwa anataka kusema, nimekisikia mara nyingi: huna mikono.

Nikasema, "Ni kalamu."

Ilitoka nyembamba sana. Ikabidi niirudie. Ni kalamu, Shangazi. Za kuchorea ramani. Kengele hakuharibu kitu, hakukuwa na kitu.

Shangazi alimbandua tausi kutoka kwenye kibanio na kumgeuza. Mdarizi huangalia nyuma, nimejifunza leo. Mbele mtu anaweza kudanganya, lakini nyuma ndiko uzi unakopita. Nyuma ya kichwa na shingo kulikuwa na uzi, mistari yote imelala upande mmoja. Nyuma ya mkia kulikuwa na kitambaa.

Alikitazama kwa muda mrefu kuliko alivyoutazama upande wa mbele. Kisha akasema amechoka, anakwenda kulala. Ilikuwa saa saba mchana.

Kengele alinijia karibu. Sasa sauti yake ilikuwa imerudi. Akaniuliza, mbele ya Mama na madirisha yote yakiwa wazi, ni nini hasa nilichokuwa nimemsamehe.

Ijumaa, 13 Juni

Shangazi ameniita chumbani. Akaniambia niketi. Nikaketi pale pale ninapoketi siku zote.

Akaanza na safari. Akauliza alikwenda wapi. Nikasema mbali. Akauliza kama nilimpa kiti cha dirishani. Nikaanza kulia, akasema nisimlilie, anauliza tu, maana alikuwepo.

Nilimweleza yote. Siku nne za kudarizi, kisha kitabu. Akauliza vitabu vingapi. Nikasema kumi na tisa. Akauliza kama vilikuwa vitamu. Nikasema vingine. 

Kisha akasema jambo ambalo nitaliandika kama lilivyo, halafu nifunge daftari kwa leo.

Akasema anayedarizi anahesabu, na anayehesabu hasemeshwi. Ukimsemesha anapoteza visanduku, anafumua, anaanza upya. Kwa hiyo kila alasiri nilipoketi kando yake, yeye alikuwa anazima redio. Alikuwa anawakataza majirani wasije muda huo. Hata kukohoa alikuwa anakohoa nikishainuka. Miezi minane, gizani, bila redio, bila mtu, amekaa kimya kama kinyago, asinipotezee hesabu.

"Na wewe ulikuwa unasoma," akasema. "Si ungesoma kwa sauti?"

Jumapili, 15 Juni

Hukumu imetoka, nami nimeipokea kwa mikono miwili. Kila alasiri nitamsomea Shangazi kwa sauti. Yeye atakuwa anafumua kazi yangu yote kwa mkasi mdogo, kwa jicho moja, na Kengele ataketi hapo akijifunza kutenganisha nyuzi. Leo ametenganisha uzi mzima bila kuukata. Shangazi alimtazama akasema, kumbe una mikono. Kengele alinyamaza dakika nzima. Majirani walikuja kuuliza kama kuna msiba.

Nami nimeapa, hapa, kwa wino usiotoka: sitasema uongo tena, mkubwa wala mdogo. Nimeona unapoishia. Najisikia mtu mpya kabisa.

Riwaya ameichagua Shangazi mwenyewe kwenye rafu ya Baba. Familia ya wauza mbao, kurasa mia sita arobaini, herufi kama chawa. Jana nilisoma vizuri sana. Leo tulifika mahali ambapo babu wa familia anaanza kueleza aina za mbao. Niligeuza ukurasa: mbao. Nikageuza tena: mbao. Nilihesabu kurasa arobaini na moja za babu na mbao zake, na koo langu lilikuwa linawasha, na mbele ya kurasa hizo niliona kwa jicho la pembeni neno "harusi".

Basi babu akapata homa. Nilimuua kwa sentensi tatu. Sentensi nzuri, nikisema mwenyewe. Shangazi aliweka mkasi chini. Kengele alilia kwa sauti yake halisi. Hata Mama alitoka jikoni akasimama mlangoni, akashika kifua, akauliza mzee amezikwa wapi. Nikasema chini ya mti wa mninga. Tukaendelea na harusi, mambo yakawa matamu.

Baadaye, kwa udadisi tu, nimechungulia ukurasa wa mwisho. Babu yuko hai. Ana afya njema. Ile harusi kubwa ya mwisho wa kitabu ni yake.

Na Shangazi amesema kitabu hiki kimemgusa mno. Jicho la pili linafanyiwa tarehe 30, na akipona tu atakisoma mwenyewe upya, tangu mwanzo, neno kwa neno.

Siku kumi na tano si haba. Nadhani babu alikuwa na pacha.